Kutoka Mwisho Kurudi Mwanzo

Kwa miezi saba nilikuwa macho ya mwanamke niliyetaka awe mama mkwe wangu. Kazi hiyo hakunipa mtu. Nilijipachika mwenyewe, kwa mdomo, kama nilivyojipachika kwenye mambo mengi ambayo baadaye yalinitoa jasho.

Mama huyo alikuwa polisi mstaafu, mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyekaa kaunta ya kituo miaka ishirini na kitu akiandika maelezo ya wezi, ya walevi na ya watu waliopotelewa na kuku. Aliishi kwenye nyumba za polisi Naguru, Kampala, pamoja na mwanawe, mchumba wangu, ambaye naye alikuwa askari. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Kwenye televisheni aliona mwanga tu na vivuli vikipita, na Kiingereza cha tamthilia kilikuwa kikimkimbia kabla hajakikamata. Lakini alikuwa na tamthilia yake moja ya kila Alhamisi saa moja jioni, na hiyo hakukubali kuikosa hata kwa msiba.

Ilikuwa ya mambo ya ngano: binti wa mfalme aliyelelewa na mfinyanzi, wachawi, zimwi linalolia likisikia filimbi, na mshipi wa kitambaa uliotariziwa majina ya wazazi wa binti huyo, ambao hauvui hata akioga. Mwanawe alipojaribu kumtafsiria alisema, "Sasa wanapigana," kisha baada ya nusu saa, "Wamemaliza." Mimi niliposikia hivyo, mara ya kwanza kukaribishwa pale, nikavuta kigoda karibu na mama na kuanza kumweleza kila kitu, hadi rangi ya kucha za mchawi. Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa yangu.

Niseme pia kwamba nilijiona fundi wa lugha. Mimi ni mtu wa Bungoma, Kenya, na mtu wa Bungoma akishavuka mpaka pale Malaba huwa Mswahili wa Lamu. Nilisahau kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda Mombasa kwenye harusi, nikaagiza chai na mahamri, na mhudumu akaniuliza kwa upole kama ningependa tuzungumze Kiingereza. Kampala hakuna aliyejua habari hiyo. Wiki ya kwanza tu nikamsahihisha mama: "Si ile mtu, mama, ni yule mtu."

Akageuza uso wake polepole kunielekea. "Wewe Mukenya," akasema, "ile mtu iliiba kuku, ilifungwa miezi sita na hii Kiswahili yangu."

Sikumsahihisha tena.

Sasa nifike kwenye lile linaloniwasha. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, leo kwenu kesho kwetu. Mchumba wangu alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba anataka kunioa, na mama alikuwa amesema atatoa jibu Jumapili: ama wazee wao wafunge safari kwenda kwetu Bungoma kuzungumza na wazazi wangu, ama wasifunge. Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Akisema hapana, mwanawe angetii, kwa sababu alimlea peke yake. Baba yake alipotea wakati wa vita vya themanini na sita, yeye akiwa bado ananyonya. Hilo niliambiwa mara moja tu, na kwa sauti iliyonionya nisiulize zaidi.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, zamu ya giza ikaangukia Naguru. Na haikuwa Alhamisi ya kawaida. Wiki iliyotangulia binti wa mfalme alikuwa ameachwa kwenye ukingo wa kisima kikavu, zimwi nyuma yake, na tangazo likasema kwamba safari hii angerudi nyuma miaka thelathini, kabla wazazi wake hawajaonana. Mama alinipigia simu mchana nikiwa dukani Nakivubo, nikiwa nimebeba robota la pazia begani.

"Huko kwako Bugolobi umeme iko?"

"Upo, mama. Usijali hata kidogo. Nitatazama kwa niaba yako. Hata mbu akipita nitakuambia."

Hata mbu akipita. Mdomo wangu huu.

Nilifika fleti Bugolobi, chumba nilichopanga na Mkenya mwenzangu, miguu ikiniwaka. Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama nikikunjua mapazia kwa wateja wanaogusa kila kitambaa na kununua fimbo ya pazia. Nikala sahani ya matoke na mchuzi wa karanga ambayo ingemtosha mchimba mitaro. Saa moja kamili nikakaa. Nikaona binti akitumbukia kisimani, akaibuka kwenye kisima kile kile, ila sasa kimejaa maji na mawe yake ni mapya. Nikaona akifika sokoni na kumkuta msichana wa rika lake, mwenye uso anaoujua kutoka kwenye picha: mama yake mzazi, ambaye alikufa maji mtoni binti akiwa mchanga. Yakaja matangazo ya sabuni. Nikafumba macho kwa ajili ya matangazo tu.

Nilipoyafumbua, binti alikuwa anatoka kisimani, mtungi mkononi, macho yamemlowa, anacheka. Mbele ya nyumba palikuwa na mwanamke aliyeupa mgongo ulimwengu, anaita watu waje kula. Binti akamkimbilia. Muziki. Majina. Kwisha.

Mwenzangu alikuwa kazini, hakuna wa kumwuliza. Mtu mwenye busara angepanda Naguru kesho yake na kusema: mama, nisamehe, nililala. Maneno matatu. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi mbu, na jibu lilikuwa Jumapili. Nikaamua palepale kwamba yule mwanamke wa mgongo ni mama mzazi, kwamba binti alimwokoa, na njia nzima ya kupanda Naguru Ijumaa jioni nilikuwa naipika hadithi, natia chumvi, naonja, naongeza.

Nilimkuta mama ameketi kibarazani anachambua mchele kwa vidole. Nikamweleza. Kisima, soko, msichana mwenye uso wa kwenye picha. Kisha nikaingia kwenye sehemu yangu. Nikasema binti alimfuata mama yake hadi nyumbani, na ilikuwa siku ile ile ya mauti, na mama alikuwa anajiandaa kutoka.

"Akamwambia asitoke, mama. Akamsihi. Yule mama akasikia, akakaa ndani, akapona. Ndiyo maana binti aliporudi alimkuta hai, anapika."

Kwa kawaida angenikatiza mara kumi kufikia hapo. Safari hii vidole vilisimama kwenye mchele.

"Alisema maneno gani?"

"Alimwambia asitoke."

"Hapana. Maneno yenyewe. Vile alisema."

Basi nikafunga macho kama mtu anayekumbuka, na nikatunga: "Alisema hivi: 'Mama, leo usitoke. Tulale na njaa, lakini usitoke.'" Ile njaa sijui niliitoa wapi. Nadhani niliona inapendeza masikioni.

"Sema tena."

Nikasema tena, na mtetemo kidogo kwenye sauti. Mama akapangusa macho kwa ncha ya leso. Nikamwona, na Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Nilifikiri ni ufundi wangu.

Jumamosi alinitumia mwanawe nije tena, na nilipofika nikakuta wake watatu wa askari wamealikwa kwenye mkeka. Nikasimulia upya. Kwa kuwa hadhira ilikuwa kubwa nikaongeza radi, nikaongeza mbwa anayebweka. Mama alikaa kimya mpaka tukafika kwenye yale maneno, akasema, "Hapo, rudia," nikarudia, na mmoja wa wale wanawake akalia waziwazi. Nilishuka Naguru nikijiambia kwamba jibu la kesho nimeshalitia mfukoni.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kula kwao. Palikuwa na posho, ndiyo ugali wa kwao, na samaki mkavu aliyeungwa kwa karanga, na mchumba wangu alikuwa amevaa shati la pasi kama mtu anayesubiri hukumu. Umeme ulikuwepo. Kabla hatujanawa mikono mama akasema:

"Mukenya, nieleze ile stori. Lakini anza mwisho, rudi mwanzo."

Nikacheka. Hakucheka. Mwanawe akaangalia sahani yake, kwa sababu alijua kitu ambacho mimi sikukijua. Mama alikuwa amefundishwa na mkubwa mmoja wa upelelezi, zamani, kwamba mtu aliyeona jambo kwa macho yake anaweza kulieleza hata kinyumenyume, polepole, akijikwaa hapa na pale. Aliyelitunga anajua njia moja tu, ya kwenda mbele. Ukimgeuza, anapotea. Alikuwa amewapima hivyo wezi wa Kampala nzima.

"Mwisho," nikaanza, "mama yake anamwita, chakula kiko tayari."

"Kabla ya hapo?"

"Binti anatoka kisimani, amebeba mtungi."

"Mutungi." Akainua kichwa. "Ijumaa mutungi haikuwa. Jumamosi haikuwa. Iliutoa wapi?"

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata, nami nilikuwa sina hata kata. "Alipewa," nikasema. "Na mama yake. Zawadi."

"Kabla ya kupewa?"

"Kabla ya kupewa... radi ilipiga."

"Radi ilipiga kabla ya kusema usitoke, ama nyuma ya hiyo?"

"Kabla. Hapana, baada. Mama, ilipiga mara mbili."

"Na ile mushipi, yenye majina ya baba na mama. Majina ilikuwa aje, wakati huo?"

Mshipi nilikuwa nimeusahau kabisa. Sikuwa nimeutaja siku zote mbili. Nikasema majina yalikuwa sawa tu, yanang'aa. Mama akatikisa kichwa taratibu, akanyoosha mkono kutafuta bakuli la maji.

"Kale," akasema, ndiyo "haya basi" ya Kampala. "Tule."

Na mimi, kichwa maji, nikadhani nimefaulu.

Saa kumi wale wanawake watatu wakaja tena na kukaa mkekani. Nikauliza kuna nini. Mchumba wangu akanijibu, bila kunitazama, kwamba Jumapili alasiri huwa kuna marudio. Miezi saba nilikuwa naitafsiri tamthilia ile na sikujua kwamba inarudiwa, kwa sababu Jumapili alasiri mimi huwa nimelala. Usingizi, kwa kweli, ndio umeniharibia maisha.

Nikavuta kigoda changu karibu na mama kama kawaida. Kisima nikakitafsiri vizuri. Soko nikalitafsiri vizuri. Yakapita matangazo ya sabuni, na tukaingia kwenye nchi ambayo sikuwahi kukanyaga. Binti alipepesuka sokoni akavunja mitungi ya mfanyabiashara mmoja, na kwa ajili ya fujo ile baba na mama yake wakapishana bila kuonana. Nyuzi za mshipi zikaanza kufumuka, herufi moja moja. Nikayaeleza hayo kwa sauti iliyokuwa ikipungua, huku mwanawe, anayejua Kiingereza kuliko mimi, akiwa ameniegemea begani. Baada ya vituko vingi binti akawakutanisha wazazi wake, majina yakajishona upya. Ikabaki saa moja kabla kisima hakijafunga njia ya kurudi kwao. Akamfuata mama yake mtoni.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Sasa anamwambia," akasema.

Kwenye kioo mama na binti walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa ule mto ambao ungekuja kumwua mmoja wao. Binti alifungua mdomo. Hakuna neno lililotoka, sauti ilikuwa ya maji tu. Wale wanawake walikuwa wananitazama mimi, si televisheni. Nilijua kwamba mama haoni. Ningeweza kusema maneno yangu yale yale, na pengine mchumba wangu, kwa mapenzi, angenyamaza.

"Anamwambia, si ndiyo?"

"Hasemi kitu, mama," nikajibu.

"Sema kweli."

"Hasemi. Amefungua mdomo, ameufunga. Amemtwika mama yake mtungi. Sasa ameutwaa, anambebea yeye. Wanapanda kilima. Wanacheka." Nilikuwa nimeanza kulia kwa aibu. "Mama yake anamwambia mtungi ni wake, abaki nao. Anaingia kisimani. Mama, yule anayepika mwishoni ni mfinyanzi. Ni yule mfinyanzi aliyemlea. Mimi Alhamisi nililala."

Mwanamke yule aliyelia Jumamosi alinitazama kama niliyemwibia mkoba. Mchumba wangu aliinuka akazima televisheni, wale watatu wakaaga, na yeye akawasindikiza, nadhani ili asiwepo. Nikabaki na mama, nikitafuta viatu vyangu kwa macho.

"Nisamehe, mama. Nitakwenda."

"Utaenda wapi? Kaa." Nikakaa. "Mimi nilijua unaongopa toka kwa mutungi. Hata Ijumaa nilijua kidogo. Nyinyi wa Kenya, mukiongopa munasema Kiswahili muzuri zaidi."

Na ni kweli.

"Nilikaa kaunta na waongo," akaendelea. "Mwongo muzuri iko hatari, ataua mutu na wewe unamupa chai. Wewe unaongopa vibaya sana. Mutoto yangu atakuwa anakushika kila siku. Wazee wataenda Bungoma."

Hivyo ndivyo nilivyopata mume: si kwa lugha, si kwa tabia, bali kwa kushindwa kudanganya. Nilicheka na makamasi yakinitoka. Kisha nikauliza, kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, kwa nini aliniacha nirudie Jumamosi mbele ya watu kama alishajua.

Nje watoto wa askari walikuwa wanafukuzana kati ya nguo zilizoanikwa.

"Nilitaka kusikia tena," akasema. "Ile ya njaa."

Ndipo akanieleza, na nitaiweka hapa kama alivyoisema. Siku zile za vita unga ulikuwa umekwisha ndani, na risasi zilikuwa bado zinasikika upande wa mjini. Mtoto alilia usiku kucha. Asubuhi akamwambia mumewe: kama wewe iko mwanaume, toka ulete unga. Akatoka. Baadaye alitafuta kwenye vituo vyote, yeye mwenyewe polisi, akauliza kwa kila mtu aliyevaa sare. Hakuna aliyemwona.

"Ile siku niliandika stetimenti yangu mwenyewe kwa kichwa," akasema. "Mara mingi sana. Kwenda mbele inafika tu pale pale. Sasa mimi nasema kutoka mwisho."

Akafumba yale macho yasiyoona.

"Mwisho, iko barabarani pale chini, naona mugongo yake. Kabla ya hapo, anapanda, anarudi kinyumenyume, anafika kwa mulango. Anafungua kifungo ya shati. Anaweka mufuko kwa meza, mufuko iko tupu. Ananiangalia. Halafu maneno yangu inatoka kwa sikio yake, inarudi kwa mudomo yangu. Unga. Ulete. Toka. Yote inaingia, nameza. Anavua viatu. Mutoto ananyamaza. Analala upande ya ukuta, na mimi iko macho, namuangalia, bado sijasema kitu." Akafumbua macho. "Hapo ndiyo nafunga."

Nilitaka kumwambia neno la faraja. Mimi, mwenye maneno ya kutosha Bungoma nzima, sikulipata hata moja. Yeye ndiye aliyenisaidia. Alinipapasa mkono mpaka akapata kidole gumba, akakishika.

"Sasa sema yako," akasema. "Ile ya uongo."

Nikasogeza kigoda. "Leo usitoke," nikasema. "Tulale na njaa, lakini usitoke."

Sikuongeza neno.